"Tafsiri Hii": Amri Isiyotiiwa

Mwanafunzi atokaye Lucky Summer, Nairobi, huingia chuoni na ushairi asioulizwa. Katika mtaa jirani wa Dandora ndimo lilimozuka kundi la Kalamashaka, la wasanii Kama, Johnny na Roba. Wakati ambapo wafokaji wengi waliiga Kiingereza cha Marekani, watatu hao walifoka kwa Kiswahili na Sheng. Wimbo wao "Tafsiri Hii", wa mwishoni mwa miaka ya 1990, ulisimulia dhiki ya mtaani. Ukafuatwa na albamu *Ni Wakati* mwaka 2001. Anwani ya wimbo huo ni amri. Mhakiki anayeharakisha kuuita uchafuzi wa lugha hajaitii. Na upewe nafasi katika mtaala wa ushairi, ufasiriwe kwanza, ndipo uhukumiwe.