Barua ya Wazi kwa Waziri wa TAMISEMI: Sahihi Iliyofuatwa Shambani

Mheshimiwa Waziri,



Mama yangu mdogo ni mjumbe wa baraza la ardhi la kijiji chetu. Siku moja alifuatwa shambani na daftari, akaonyeshwa mahali pa kutia sahihi. Shauri lilikuwa la mjane na shemeji zake waliokuwa wakigombea shamba la marehemu. Wanaume wanne walikuwa wamekwisha kulisikiliza, na muhtasari ulisema pande zote zimeridhika. Mama mdogo akatia sahihi. Yule mjane alikuwa mwenzake wa vikoba miaka mingi. Tangu siku ile hawasalimiani.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka baraza hilo liwe na wajumbe 7, wanawake wakiwa 3. Akidi ni wajumbe 4, na kati yao angalau 2 wawe wanawake. Sheria hiyohiyo inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Sina malalamiko na sheria hiyo.

Malalamiko yangu ni saa kumi jioni. Ndiyo saa ya vikao vyetu, na ndiyo saa ya foleni ya maji. Mwanamke akifanikiwa kufika, mabenchi yamejaa na ajenda iko kwenye mengineyo.

Baraza hili kazi yake ni kusuluhisha. Lakini kwetu, tangu shauri lile, watoto wa mjane na wa baba zao wadogo hawahudhurii tena misiba ya wenzao, na anayejua maisha ya kijijini anajua uzito wa jambo hilo. Vikoba vimegawanyika. Mtendaji akipita na mchango wa zahanati, wanawake wanamwambia awafuate waliokaa kikao.

Mheshimiwa, wakurugenzi wa halmashauri wako chini yako, na watendaji wa vijiji wako chini yao. Waagize shauri lisianze kabla wajumbe wanawake wawili hawajakaa na majina yao kuandikwa. Saa ya kikao ipangwe na wajumbe wote saba. Shauri lililosikilizwa bila akidi lirudiwe, la mjane huyu likiwemo.

Mama mdogo yuko tayari kulisikiliza, safari hii tangu mwanzo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa kijiji