Hakuna Kitu Kinaitwa "Nesi Tu"

Kuna neno la herufi mbili ambalo Wakenya hulibandika kwenye kazi wanazozidharau. Neno lenyewe ni "tu". Mwalimu tu. Karani tu. Nesi tu. Sijawahi kusikia mtu akisema "rubani tu" wala "wakili tu".

Matokeo ya KCSE yakitoka, tega sikio mtaani. Aliyepata A akisema anataka udaktari, ni vigelegele na soda. Aliyepata B akisema anataka uuguzi, anapewa pole. "Si haba, utapanda baadaye." Pole ya nini jameni? Kwani kuna msiba?

Wacha niseme mapema: mimi sina digrii. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokauka, na siku hizi nalipa nyumba kwa kuandika. Kwa hivyo sijaja hapa kuwahubiria kuhusu kusoma kwa bidii. Nimekuja kwa sababu nimeona mtu karibu apoteze nafasi ya chuo, na si kwa kukosa gredi. Shida ilikuwa kwamba jina la kozi halikupendeza ukoo.

Binamu yangu aliitwa KMTC kusomea uuguzi. Ukoo ukafungua grupu ya WhatsApp ya mchango, na wiki ya kwanza kila mtu alikuwa na ahadi. Walikuwa wamesikia tu "mambo ya hospitali". Siku aliyoweka barua yenyewe na watu wakasoma neno "nursing", grupu ilinyamaza kama kanisa siku ya Jumatatu. Mjomba mmoja aliyeahidi Sh20,000 alituma Sh500 na ujumbe: "Huyu ana kichwa cha udaktari. Arudie mtihani." Mamake msichana ndiye aliyekwenda kukopa kwenye chama chake cha akina mama. Binti yuko darasani leo, na kila Ijumaa mamake analipa deni.

Sasa jiulize ni wangapi ambao mama zao hawana chama.

Tuanze na ule uongo mkubwa, kwamba nesi ni daktari aliyefeli. Hizi ni taaluma mbili. Uuguzi Kenya una sheria yake, Sura ya 257, una baraza lake linaloitwa Nursing Council, una mtihani wake na leseni yake. Ukimaliza diploma ya miaka 3 au digrii ya miaka 4 bila kupita mtihani wa baraza, huruhusiwi kumgusa mgonjwa kama muuguzi. Hakuna aliyefeli udaktari akaangukia hapo kama embe lililooza.

Na kazi zenyewe hazifanani. Daktari anapita wodini asubuhi, anakagua, anaandika matibabu, anaenda wodi nyingine au thieta. Nesi anabaki. Saa nane za usiku mgonjwa akianza kupumua vibaya, anayeona kwanza ni nesi. Yeye ndiye anajua kwamba presha ilikuwa sawa saa nne na sasa imeshuka. Yeye ndiye anaamua kama ni la kusubiri au ni la kumwamsha daktari sasa hivi. Uamuzi huo ni wa kichwa, na ukikosewa kuna mtu haamki.

Wale mnaosema kazi ni kudunga sindano na kubeba beseni, hebu fanyeni hii hesabu. Daktari ameandika mgonjwa apewe lita 1 ya maji ya mshipa kwa saa 8. Mrija wa dripu unatoa matone 20 kwa kila mililita. Ni matone mangapi kwa dakika? Usikimbilie simu. Jibu ni kama 42. Nesi anafanya hesabu kama hiyo akiwa amesimama, na mgonjwa wa kitanda cha pili anamwita, na jamaa wa kitanda cha tatu wanamuuliza kwa nini mgonjwa wao hajala. Akikosea kwa mtoto mchanga, maji yanajaa mapafuni.

Beseni pia hubebwa, sikatai. Mgonjwa asiyeweza kuamka ni lazima asafishwe na kugeuzwa, la sivyo mgongo unaoza kwa vidonda. Kama unaona hiyo ni aibu, subiri siku itakapokuwa zamu ya mzazi wako kulala pale.

Ukitoka Nairobi ndiyo utajua vizuri nesi ni nani. Hospitali zetu zimepangwa kwa viwango, na zahanati ya kijijini ni kiwango cha 2. Kule mara nyingi hakuna daktari. Anayefungua mlango, anayechanja watoto, anayezalisha, anayepeana dawa za presha na za TB, anayejaza ripoti na kupigana na kaunti dawa zikiisha, ni nesi. Kuna Wakenya watazaliwa, wachanjwe, wazae na kuzeeka bila kuonana na daktari. Bila nesi hawafiki mbali.

Na kama unadhani nesi hawezi kutambulika duniani, muulize Google kuhusu Anna Qabale Duba. Ni muuguzi kutoka Marsabit. Mwaka 2022 alishinda tuzo ya kimataifa ya wauguzi kule Dubai, zawadi ikiwa dola 250,000. Alipata kwa kazi ya kwao nyumbani: elimu kwa watoto wa kijiji chake na vita dhidi ya ukeketaji na ndoa za mapema. "Nesi tu", eti.

Halafu kuna hii ya "kazi ya wanawake". Shirika la Afya Duniani, kwenye ripoti yake ya mwaka 2020, lilihesabu wauguzi karibu milioni 28 ulimwenguni, na wanawake walikuwa kama 9 kati ya kila 10. Kwa hivyo ni kweli wanawake ndio wengi. Lakini wengi kufanya kazi hakuifanyi iwe yao peke yao, kama vile matatu kujaa makonda wanaume hakujawazuia wanawake kushika mlango.

Keti kwenye foleni ya hospitali yoyote ya umma uone vituko. Mwanaume akitokea na sare ya unesi, wagonjwa wanamwita "daktari". Mwanamke aliyesomea udaktari akitokea na koti jeupe, wanamwita "sista". Yaani sisi hatuangalii kazi, tunaangalia jinsia kisha tunagawa heshima. Na kijana wa kiume akisema anaenda kusomea uuguzi, maboyz wanamcheka: "Utakuwa unazalisha wanawake?" Lakini madaktari wa uzazi wanaume wamejaa nchi hii na hakuna anayewacheka. Kinachowachekesha ni cheo wanachodhani ni kidogo.

Najua mtu ameshakasirika hapo: "Na ukali wao je?" Hilo sitalikwepa. Karibu kila mama mtaani ana hadithi ya kutukanwa akiwa kwenye uchungu, na hadithi hizo si za kubuni. Mwaka 2018 Mahakama Kuu kule Bungoma iliamua kwamba haki za mama aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya umma mwaka 2013 zilikiukwa, na akapewa fidia ya Sh2.5 milioni. Kuchoka kusiwe kisingizio. Ukimpiga mtu anayejifungua, hustahili leseni.

Ila uamuzi ule haukuishia kwa manesi. Serikali pia ililaumiwa kwa kutoweka rasilimali za kutosha kuhudumia akina mama. Na hapo kuna somo. Ukiweka nesi 1 kwenye wodi iliyojaa, zamu ya usiku, glavu zimeisha, hata malaika atafoka. Pia jiulize ni nani tunampeleka kwenye kazi hii. Msichana anayetaka uuguzi tunamwambia arudie mtihani. Yule asiyeutaka tunamsukuma huko kwa sababu "kuna kazi". Kisha tunashangaa tukikutana na mtu aliyenuna dirishani. Tulimwambia miaka 3 kwamba yuko mahali pa waliofeli. Aliamini.

Uongo mwingine umevaa nguo nzuri. Unaitwa "wito". Wanasiasa wanaupenda sana, hasa wakati wa mgomo. Mwaka 2017 manesi waligoma tangu Juni hadi mwanzoni mwa Novemba, karibu miezi 5, na kila siku waliambiwa wamesahau wito wao. Mwaka 2025 wahudumu wa afya wa mpango wa UHC, waliochukuliwa kwa kandarasi mwaka 2020, walipiga kambi nje ya Afya House wakitaka ajira ya kudumu na mshahara sawa na wenzao. Manesi walikuwa miongoni mwao. Wagonjwa waliumia kwenye migomo hii, na hilo ni jambo zito. Lakini landlord hapokei wito. Hata mama mboga hapimi sukuma wiki kwa wito. Mtu anaweza kuipenda kazi yake na bado adai alipwe. Mbunge pia husema ana wito wa kutumikia wananchi, na sijawahi kumwona akirudisha marupurupu.

Wa mwisho ni uongo wetu sisi vijana, kwamba uuguzi ni tikiti ya majuu. Kweli, mlango upo. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kupeleka wahudumu wa afya wasio na kazi hapa. Novemba mwaka huohuo Uingereza ikaweka Kenya kwenye orodha ya nchi ambazo mawakala hawafai kuja kuchota wauguzi nje ya mkataba wa serikali, kwa sababu sisi wenyewe hatuna wa kutosha. Hiyo ndiyo Kenya yetu: wodi hazina manesi, na manesi wako nyumbani bila kazi. Si kwamba hawahitajiki. Ni kaunti ambazo hazijaajiri.

Kwa hivyo ukienda kusomea uuguzi ukiwa na picha moja tu kichwani, ya wewe na koti la baridi London, kuna uwezekano wa kuumia. Kuna mtihani wa Kiingereza, kuna mitihani ya leseni ya nchi unakoenda, kuna karatasi za kulipia, na kuna matapeli wanaokula pesa za watu mchana peupe. Nenda ukipata njia halali, hakuna anayekukataza. Lakini kozi yenyewe ni miaka 3 au 4 ya kuona damu, matapishi na vifo. Ndoto ya pasipoti pekee haitakuvusha hapo.

Basi nani aende? Nenda kama unaweza kukaa na mtu anayeogopa bila wewe kuogopa zaidi. Nenda kama Baiolojia haikukushinda na hesabu ndogo hazikukimbizi. Nenda kama zamu za usiku hazitakuua, maana Krismasi nyingine utaipigia wodini. Kabla ya kulipa shilingi, hakikisha chuo chenyewe kimeidhinishwa na Nursing Council, kwa sababu kuna watu wamesoma miaka yote hiyo wakagundua cheti chao hakiwaruhusu kukalia mtihani. Tafuta nesi wa mtaani kwenu umuulize wiki yake ilikuwaje. Atakwambia mazuri na mabaya kuliko bango lolote la chuo.

Na ujue pia kwamba njia haiishii kwenye diploma. Kuna wauguzi waliobobea kwa wagonjwa wa ICU, wa figo, wa macho, wa watoto, wa thieta. Kuna digrii, kuna uzamili, kuna uzamifu. Ukitaka kupanda, panda ndani ya uuguzi wenyewe. Hulazimiki kuhama kwenda udaktari ndipo uonekane umefika.

Wazazi, ma-ankal na ma-anti, mtoto akiwaambia anataka uuguzi, muulizeni kama anaujua ugumu wake, kisha mtoe mchango. Siku moja mtalazwa, na usiku huo daktari atakuwa amekwenda nyumbani. Na mjomba wetu, kama unasoma hii, Sh19,500 zilizobaki bado tunazingoja. Namba ya M-Pesa haijabadilika.