Wanywao Maji ya Miwa Wamkumbuke Mpanda Miwa

Ndugu zangu wa Mvita, kisiwa chetu hakikupata kujilisha. Msafiri Ibn Battuta alipopita hapa mwaka 1331 alikuta migomba na milimau, lakini nafaka ya kuliwa ikiletwa kutoka ng'ambo. Hivyo ndivyo tulivyo hata leo. Miwa inayokamuliwa vichochoroni mwa Mji wa Kale, ikatiwa ndimu na tangawizi, haioti Kibokoni wala Kuze. Basi linalomsibu mkulima wa bara yetu linatuhusu, na kulinyamazia si uungwana.

Jirani zetu wa Kwale si wageni wa zao hili. Kiwanda cha Ramisi kilianza mwaka 1927, kikafa mwaka 1988, na vijiji vizima vikabaki bila tegemeo. Kiwanda kingine kimeinuka baadaye katika kaunti ile ile, nasi twakiombea heri. Lakini mitambo haikuzi muwa. Muwa hukuzwa na mbegu safi, maji, na mtu anayejua kinachoula.

Wengi hawajui kwamba sehemu kubwa ya elimu hiyo imezaliwa hapa hapa pwani. Ili kupata aina mpya ya miwa, maua ya aina moja huchavushwa kwa ya nyingine, na muwa huchanua vyema penye joto na unyevu. Kwa sababu hiyo uchavushaji umefanywa Mtwapa, mwendo mfupi kutoka Nyali, ingawa makao ya utafiti wa sukari yako Kibos, karibu na Kisumu. Pwani imewatolea wenzetu wa Nyanza na Magharibi mbegu. Ni haki basi mkulima mdogo wa Msambweni naye azipate.

Tazameni na suala la wadudu. Funza wa mabua huingia ndani ya shina akala humo, na dawa inayopulizwa juu ya majani haimfikii. Mkulima asiyeelezwa hili hununua dawa, humwaga, hurudia, na mwisho hupoteza fedha huku akiitia sumu ardhi. Njia bora ilikwisha kuonyeshwa. Mwaka 1993 wataalamu wa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE waliachilia pwani yetu nyigu mdogo, Cotesia flavipes, aliyetoka Asia, ili amkabili funza mgeni aliyekuwa akiharibu mahindi na mtama. Nyigu huyo humtaga funza mayai mwilini, na watoto wake humla kwa ndani. Akastakimu na kuenea. Brazil humtumia huyo huyo kulinda mashamba makubwa ya miwa. Kuna na maradhi yanayojificha katika kipande cha mbegu, yakadumaza machipuko mwaka baada ya mwaka. Kipande kikitiwa katika maji ya nyuzi 50 kwa saa 2 kabla ya kupandwa, ugonjwa hupungua mno. Hakuna muujiza hapo. Kunatakiwa pipa, kipimajoto na mtu wa kufundisha.

Mtu huyo ndiye aliyepotea. Bwana shamba wa zamani, aliyepita kwa baiskeli akiita watu kwa majina, sasa ni nadra. Kilimo kilikabidhiwa kaunti tangu 2013, na kaunti ndizo za kuulizwa. Sheria ya Sukari ya mwaka 2024 imeunda taasisi ya utafiti na mafunzo na kurudisha ushuru wa sukari, pamoja na sukari ya kigeni inayoshuka bandarini Kilindini mbele ya macho yetu. Fedha hizo zitolewe hadi shambani, zisiishie kwenye semina za mahotelini.

Wawakilishi wetu wa Mombasa na Kwale, wekeni maafisa wa kilimo wa kutosha na pikipiki za kuwafikisha. Vijana mliosoma kilimo na mnaokaa barazani mkingoja ajira, nendeni Mtwapa mkaombe kufundishwa. Nanyi wafanyabiashara wa miwa, muulizeni mkulima wenu alipanda mbegu gani na nani alimshauri. Mkisikia hakuna aliyemshauri, lipelekeni neno hilo kwa mwakilishi wenu wa wadi kabla ya msimu wa kupanda.