Picha zikipandana, usitupe!

Haya, leo tushike kamera.

Wale wa enzi za mkanda mnaikumbuka ile kasheshe: mkanda haukusogea, picha zikapandana, bibi harusi katokewa na mwembe kichwani. Mpiga picha alitukanwa weee! Siku hizi watu wanaifanya makusudi, na inatoka bomba.

Ukienda Mbulu au Katesh likizo, jaribu. Kamera nyingi za Canon na Nikon zina kitu hicho kwenye menyu: unapiga mara mbili au tatu, zote zinalala kwenye picha moja. Ujanja ni mwanga. Ukipiga mbili, kila moja ipe nusu. Ukipiga nne, robo robo. La sivyo inatoka nyeupe kama shuka. (Kamera nyingine zinajipigia hesabu zenyewe.)

Halafu, picha ya pili inakaa penye giza. Penye weupe haionekani. Ndiyo maana chumvi ya Ziwa Balangida, kiangazi, jua la saa sita, itakutoa jasho. Anza na mti mweusi wenye anga jeupe nyuma, kisha ujaze mti huo chumvi na nyufa za tope. Msitu wa Nou je? Piga shina lile lile mara nne ukisogea kidogo kidogo, utadhani limechorwa kwa brashi.

Sasa Mlima Hanang. Hapo taratibu, ndugu yangu. Una zaidi ya mita 3,400, mzuri kweli, lakini Desemba 3, 2023 mvua iliubomoa ubavu, tope na mawe vikashuka mpaka Katesh, wakafa watu zaidi ya 80. Kuna watakaokwambia usilete usanii pale. Mimi sikubaliani nao. Picha ya kawaida inaonyesha mlima kule, nyumba huku, kila kitu mahali pake. Siku ile mlima uliingia majumbani mwa watu! Piga kilele, juu yake piga mawe yaliyoshuka, uone kama haisemi kweli kuliko kadi ya posta.

Ila kwenye nyumba ya mtu, piga hodi kwanza. Ukikataliwa, funika lenzi, kanywe chai.

Tukutane wiki ijayo.