Kinachobaki Pembezoni

Andika neno "paa" kwenye mtandao. Fundi anataka bei za mabati, mwalimu anatafuta picha ya yule mnyama mdogo wa jamii ya swala, mwanafunzi wa isimu ana kitenzi chake. Majibu yao yatapangwa foleni moja, la kwanza hadi la kumi, kana kwamba wameuliza jambo moja.

Toleo hili linahusu njia nyingine: kuziuliza injini kadhaa za utafutaji kwa mpigo, kisha kuyachora majibu yao pamoja. Kukusanya kulianza zamani. MetaCrawler ya Chuo Kikuu cha Washington ilifanya hivyo mwaka 1995, na haja ilikuwapo: mwaka 1998 Steve Lawrence na Lee Giles walipima injini sita, wakakuta hata iliyoongoza haikuvuka takriban theluthi moja ya kurasa zilizoweza kufikiwa. Kuchora kulikuja na KartOO ya Ufaransa, mwaka 2001. Tovuti zilitawanywa kama miji kwenye ramani, zikiunganishwa na maneno zinayoshirikiana. Ilifungwa Januari 2010, na wapo wanaoona kwamba kufungwa huko kulimaliza mjadala. Mimi sikubali.

Orodha ya pamoja huupandisha ukurasa ulioonwa na injini zote na kuuzamisha ulioonwa na moja. Kwa mnunuzi wa mabati hilo halina neno. Lakini mwanahabari au mkutubi mara nyingi anauhitaji huo uliozama. Chora duara tatu zinazopishana, moja kwa kila injini: yaliyokubaliwa na zote yatakaa katikati, na yale ya pekee yatabaki pembezoni, wazi machoni pa msomaji, naye ataamua mwenyewe pa kuanzia.

Ila mchoraji ana deni. Kila nukta lazima iseme imetoka wapi, na chanzo hicho kichunguzwe. Yahoo imekuwa ikipata majibu yake kutoka Bing kwa miaka mingi. DuckDuckGo nayo hutegemea Bing kwa sehemu kubwa ya viungo vyake. Ramani itakayozionyesha hizo tatu zikiafikiana inamhesabu shahidi mmoja mara tatu, na kwa kuwa ni picha nzuri, msomaji ataiamini upesi kuliko ambavyo angeiamini orodha. Tumewaomba waandishi wa kurasa zinazofuata waanzie hapo.