Amri Isipoelewa, Igome

Andika kwenye terminali amri ya kuwatumia wapiga kura ujumbe, yenye flagi `--jimbo Morogoro Mjini` bila alama za kunukuu, na kompyuta itaona maneno mawili. "Morogoro" litachukuliwa na flagi, "Mjini" litabaki halina mwenyewe. Aliyetunga amri hiyo akiwa mzembe, neno la pili litatupwa kimyakimya, na ujumbe wa wapiga kura wa mjini utawafikia hadi wa Morogoro Kusini na Morogoro Kusini Mashariki.

Vijana wanaosomea kompyuta katika vyuo vikuu vya SUA na Mzumbe wanaandika amri za namna hii, nyingi zikiwa nyongeza za programu za watu wengine. Tunawaambia: amri isipoelewa ilichoambiwa, igome.

Django ya Python inasaidia. Tangaza vigezo vyako ndani ya `add_arguments`, na hilo "Mjini" litakataliwa kwa kosa namba 2. WP-CLI ya WordPress ni mpole mno. Usipoorodhesha flagi zako chini ya kichwa OPTIONS, kwenye maelezo yaliyo juu ya msimbo, inapokea chochote. Mtu anataka kujaribu tu amri ya kufuta, anakosea herufi moja, `--jaribio` inakuwa `--jaribo`, na kumbukumbu zinafutwa kweli. Git ndiyo haijali kabisa: faili lolote linaloweza kuendeshwa, likiitwa `git-takwimu` na likiwa kwenye PATH, linageuka amri `git takwimu`, nayo hulikabidhi maneno yote kama yalivyo. Kuyachambua ni kazi yako.

Kwa hiyo hatupendi flagi ya `--jaribio`. Igeuzwe. Amri ikiitwa hivihivi, ionyeshe tu ingefanya nini. Anayetaka ifute kweli aandike `--tekeleza`. Hapo mwenye kukosea herufi hapotezi kitu.

Halafu kuna mtego wa Python: flagi ikitangazwa kwa `type=bool`, anayeandika `--futa False` atafutiwa, maana neno lolote lisilo tupu huhesabiwa kuwa kweli. `store_true` ipo kwa ajili hiyo.

Wahadhiri nao, wanaposahihisha kazi hizi, wasiishie kuipa programu maneno sahihi na kuona jibu zuri. Waandike flagi isiyokuwepo, waache nafasi katikati ya jina, kisha watazame namba ya kosa inayorudi. Ikirudi sifuri, alama zipunguzwe.