Kasi ya Bolt ilivyogoma kwenye mpira

Ijumaa ya Novemba 2, 2018, klabu ya Central Coast Mariners ya Australia ilitangaza kuachana na Usain Bolt. Hakuna mkataba, hakuna mechi ya ligi. Haikuwa imetimia hata miezi mitatu tangu binadamu mwenye kasi kuliko wote duniani atue Gosford, na ndoto yake ya kuwa mchezaji wa kulipwa ikarudi palepale ilipoanzia.

Pande mbili zilishindwana kwenye masharti ya mkataba. Yaani mkwanja. Lakini hesabu za fedha zisingekuwa ngumu kiasi hicho kama uwanjani kusingekuwa na maswali.

Bolt alianza mazoezi Agosti 21, siku aliyotimiza miaka 32. Straika wa umri huo huwa anahesabu misimu iliyobaki, siyo anajifunza kutuliza mpira. Kabla ya hapo alishapita Mamelodi Sundowns, Borussia Dortmund na Strømsgodset ya Norway. Kote huko alifanya mazoezi, akapigwa picha, akaondoka.

Gosford walau walimpa muda. Agosti 31 aliingia dakika za mwisho dhidi ya timu ya wachezaji wa ridhaa, na watu karibu 10,000 walikwenda kumuona. Kwa klabu iliyokuwa imemaliza mkiani msimu uliotangulia, idadi hiyo kwenye mechi ya kirafiki si mchezo.

Oktoba 12 alianza mechi dhidi ya Macarthur South West United akiwa na jezi namba 95, na akatupia mawili katika ushindi wa 4-0. La kwanza lilikuwa bao la straika hasa. Alipokea pasi ya Ross McCormack, akamzuia beki kwa mwili na kupiga kwa mguu wa kushoto. La pili lilikuwa zawadi, maana walinzi wa Macarthur walijichanganya wenyewe.

Dunia nzima ikaona mabao hayo. Andy Keogh wa Perth Glory alikuwa ameona kitu kingine: aliufananisha mguso wa kwanza wa Bolt na trampolini. Maneno makali, ila ndipo penye tatizo.

Sekunde 9.58 alizokimbia Berlin mwaka 2009 zilihitaji mita 100 zilizonyooka. Bolt ana urefu wa mita 1.95 na hakuwahi kuwa mtu wa kuondoka haraka kwenye mstari. Alikuwa akiwamaliza wenzake kuanzia katikati, miguu ikishafunguka. Kwenye soka unapewa mita 10, pengine 15, halafu unatakiwa ugeuke, na mpira ukiwa mguuni. Hata winga wetu wa mtaani anayefika kwenye kibendera kabla ya wote na kupiga krosi jukwaani anaijua shida hii.

Watamtaja Bob Hayes. Kweli, Mmarekani huyo alishinda dhahabu ya mita 100 Tokyo 1964, akaenda Dallas Cowboys na kutwaa Super Bowl. Ila mpira wao unadakwa kwa mikono, na Hayes alikuwa akiucheza tangu chuo, kabla ya Olimpiki.

Mfano unaouma zaidi ni Adam Gemili. Alikuwa akicheza soka Dagenham & Redbridge, akaacha mpira na kwenda kwenye riadha. Agosti 2017 jijini London, Gemili na wenzake wa Uingereza walitwaa dhahabu ya dunia ya mita 100 kupokezana vijiti. Kwenye fainali hiyohiyo Bolt alichanika msuli na kuanguka, katika mbio zake za mwisho. Kutoka soka kwenda riadha njia ipo, hasa ukihama mapema. Kurudi huku ukiwa na miaka 32 ni kupanda mlima.

Mariners walifanya sawa kumuacha. Walipata tiketi na kamera, naye alipata majaribio ambayo kijana asiye na jina asingepewa hata wiki moja. Kumlipa mshahara wa staa kwa mabao mawili ya kirafiki kungekuwa kuwakosea waliokuwa wakipigania namba kwa kocha wa wakati huo Mike Mulvey kila siku.

Valletta ya Malta nayo ilimpa ofa ya miaka miwili Oktoba hiyo, akaikataa. Huenda baada ya hapo aliiwaza tofauti.